Mnatafuta mtoto na uzito umezidi: hatua za kuchukua, mke na mume

Pita kliniki yoyote ya uzazi asubuhi, iwe Dar es Salaam au Mwanza, na uangalie benchi la kusubiria. Wengi waliokaa pale ni wanawake, na wengi wako peke yao. Wameshaambiwa na wifi, na mama mkwe, na pengine na daktari mwenyewe, kwamba wapungue. Mume yuko kazini, kitambi kimetangulia mbele ya mkanda, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba naye anatakiwa kupimwa.

Mwongozo huu ni wa nyumba kama hiyo. Uzito uliopitiliza unaweza kuchelewesha mimba, hilo ni kweli, na unaichelewesha kwa pande zote mbili. Lakini kinachotakiwa kupungua ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na zipo sababu nyingine za kukosa mimba ambazo hazina uhusiano wowote na mizani. Mkihangaika na kilo peke yake mnaweza kupoteza miaka.

Hatua ya 1: Jueni mlipo

Pimeni uzito na urefu, wote wawili, siku moja. Chukua uzito kwa kilo, kisha ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mfano: mwanamke ana kilo 84 na urefu wa mita 1.60. Zidisha 1.60 kwa 1.60 upate 2.56. Gawanya 84 kwa 2.56, jibu ni 32.8. Hiyo ndiyo namba ambayo manesi huiandika kwenye kadi kama BMI. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza.

Halafu azimeni futi ya fundi cherehani mpime kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mkiwa mmesimama na kupumua kawaida bila kubana tumbo. Mwanamke akizidi sentimita 88, au mwanaume akizidi 102, mafuta yamejikusanya ndani ya tumbo, na hayo ndiyo yanayovuruga homoni kuliko mafuta ya mapajani au ya makalio. Ndiyo maana dada wawili wenye kilo zilezile wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa ya uzazi.

Wala hamko peke yenu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene.

Hatua ya 2: Elewa uzito unagusa wapi

Kwa mwanamke, tatizo kubwa ni yai kutopevuka kila mwezi. Mafuta yakizidi, mwili unaanza kuwa mkaidi kwa insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Kongosho inalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na insulini hiyo ikifika kwenye ovari inazichochea kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Wakati huohuo mafuta yenyewe yanatengeneza estrojeni, homoni ya kike, ya ziada. Ubongo unapokea taarifa zinazopingana, na yai linabaki palepale bila kukomaa. Dalili utaziona nyumbani: hedhi inaruka miezi, au inakuja baada ya siku 40 au 60, au inakuja nzito na kukaa muda mrefu. Wengine wanaota ndevu kidevuni na kupata chunusi ambazo haziishi, na shingo inakuwa na weusi ambao hautoki hata ukisugua kwa dodoki.

Dalili hizo zikikusanyika, daktari atafikiria PCOS, yaani hali ya homoni kuvurugika na ovari kujaa vifuko vidogo vya mayai yasiyokomaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hali hii inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Unene hauileti peke yake, na wapo wembamba wenye PCOS, lakini unene unaichochea.

Hata yai likipevuka na mimba ikatunga, uzito mkubwa unaongeza hatari ya mimba kuharibika, kisukari cha ujauzito, kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji. Kwa hiyo kazi mnayoifanya sasa si ya kushika mimba tu.

Kwa mwanaume mambo yanaenda kimyakimya, kwa sababu hana hedhi ya kumwonyesha kwamba kuna kitu. Mafuta ya tumboni yanageuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Korodani zinahitaji ubaridi wa nyuzi chache chini ya joto la mwili ili zitengeneze mbegu vizuri, na mapaja mazito, pamoja na kukaa kitini saa nyingi kama madereva wanavyokaa, yanaziongezea joto. Nguvu za kiume nazo zinapungua, mara nyingi kwa sababu ya mishipa ya damu, presha na sukari ambayo haijagunduliwa. Mwanaume anayekoroma sana usiku na kusinzia mchana amweleze daktari, maana kukatika pumzi usingizini kunaendana na unene na kunaweza kushusha testosteroni pia.

Habari njema kwa mume ni kwamba mbegu hutengenezwa upya muda wote, na mzunguko mmoja unachukua takriban miezi miwili na nusu. Anachobadilisha leo, kitaonekana kwenye kipimo baada ya miezi mitatu hivi.

Hatua ya 3: Hesabuni muda kwa uaminifu

Mwanamke chini ya miaka 35, mkikutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na hakuna mimba, ni wakati wa kwenda hospitali. Akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi 6 inatosha. Akiwa na 40, nendeni sasa. Na kama hedhi haieleweki, au aliwahi kuugua PID (maambukizi ya kizazi na mirija), au aliwahi kupata mimba nje ya kizazi, msisubiri miezi yoyote.

Kwa waliotoka kwenye sindano ya miezi mitatu: sindano hiyo inaweza kuchelewesha uzazi kurudi kwa miezi kadhaa, kwa wengi hadi karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Haiharibu kizazi. Niliona vyema kulitaja kwa sababu wengi huulaumu uzito kwa ucheleweshaji ambao hautokani nao.

Kuhusu siku za hatari, zile programu za simu zinakisia kwa mzunguko wa siku 28. Hedhi yako ikiwa inaruka, zitakudanganya. Mbegu huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo mkikutana kila baada ya siku 2 au 3 mwezi mzima hamtalikosa yai, na ndoa haitageuka kuwa ratiba ya kazi.

Hatua ya 4: Pimeni wote wawili kabla ya kununua dawa yoyote

Hapa ndipo ningewaomba muweke pesa yenu ya kwanza.

Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vyote vya uzazi na ndicho kinachokwepwa kuliko vyote. Mume asitoe mbegu kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo, si zaidi. Sampuli itolewe yote kwenye kikopo safi cha maabara, isitolewe ndani ya kondomu ya kawaida kwa kuwa dawa iliyomo inaweza kuziua. Akiitolea nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili, mfukoni ndani ya shati, wala si kwenye friji. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, mpaka wa chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 30 ziwe zinaogelea kwenda mbele. Majibu yakiwa mabaya, kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa kabla ya kutoa hukumu, maana hata homa kali ya malaria ya mwezi uliopita inaweza kushusha mbegu.

Mume anayesita kwenda, mwambieni hivi: katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Kumtuma mke hospitali miaka mitatu huku mume hajapimwa ni kumtesa.

Kwa mke, ombeni kipimo cha sukari, presha, homoni ya tezi la shingo, prolaktini (homoni ya maziwa), na picha ya ultrasound ya kizazi na ovari. Kipimo cha projesteroni kinachoonyesha kama yai limepevuka hufanywa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Wengi wanaandikiwa "siku ya 21" bila kuulizwa mzunguko wao ni wa siku ngapi. Siku ya 21 inafaa kwa mzunguko wa siku 28 tu. Wa siku 35 apimwe siku ya 28, la sivyo ataambiwa yai halipevuki kumbe linapevuka.

Halafu kuna mirija ya uzazi, ile inayopitisha yai. Katika nchi zetu kuziba kwa mirija baada ya maambukizi, baada ya mimba iliyotoka vibaya au baada ya kujifungua kwenye mazingira machafu, ni sababu kubwa ya kukosa mimba. Mirija iliyoziba haitafunguka hata ukipungua kilo 20. Picha ya mirija hupigwa hedhi ikishakauka na kabla ya siku za hatari. Inauma kiasi, kwa hiyo uliza mapema kuhusu dawa ya maumivu.

Hatua ya 5: Punguzeni kidogo, pamoja, kuanzia jikoni

Lengo ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito mlionao. Mwenye kilo 90 anatafuta kupungua kilo 4.5 hadi 9, basi. Kwa wanawake wengi ambao yai halikuwa linapevuka, kiasi hicho kinatosha kurudisha hedhi kwenye mstari. Hakuna anayewadai muwe wembamba kama mlivyokuwa siku ya harusi.

Ugumu mwingine ni wa kijamii, na sitaki kuupita juujuu. Kwetu mke akinenepa watu humsifu mume kwamba anamtunza. Akipungua wanauliza kama ana matatizo nyumbani, au wanamhisi ugonjwa. Mama mkwe akija, kukataa kuongezewa wali kunachukuliwa kama dharau. Mume ndiye anayeweza kumlinda mkewe hapo: amwambie mama yake, kwa adabu, kwamba daktari ametuelekeza sote wawili tupunguze chakula. Neno "sote" lina uzito kwenye sikio la mama.

Jikoni, anzeni na vitu viwili ambavyo kuvipunguza hakuleti njaa: mafuta na vinywaji vyenye sukari.

Mafuta kwanza. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, iwe ni alizeti, korie au mawese. Mpikaji anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hajui ameweka vijiko vingapi. Mchana mmoja jaribuni hivi: kabla ya kukaanga kitunguu, mimina kama kawaida yako, lakini ndani ya kikombe badala ya sufuria, kisha chota kwa kijiko cha chakula ukihesabu. Mboga ya watu wawili inahitaji vijiko viwili. Kile mtakachokiona kimebaki kikombeni kitawafundisha zaidi ya karatasi ya lishe ya hospitali. Kuanzia siku hiyo mafuta yakae kwenye chupa ndogo na kijiko chake pembeni, dumu likae stoo. Dagaa wakaangwe kwa mafuta kidogo au wachemshwe kwa nyanya na limau, samaki achomwe au apikwe mchuzi mwepesi.

Soda ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Juisi ya ukwaju au ya embe iliyotiwa sukari haitofautiani sana nayo, hata kama imetengenezwa nyumbani. Kunyweni maji, na kuleni lile embe lenyewe. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, mara tatu kwa siku, nayo ni soda ya polepole.

Baada ya hapo, sahani. Nusu yake iwe mboga za majani, mchicha, matembele, kisamvu, kabichi au kachumbari. Robo iwe maharage, kunde, samaki, kuku aliyetolewa ngozi au mayai. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au viazi. Ugali wa dona unashibisha zaidi kuliko wa sembe. Msiufute ugali kabisa, mtarudi kwa njaa wiki ya pili mle mara mbili yake.

Chipsi mayai za usiku zina kesi yake. Mke akila mboga nyumbani na mume akipitia zege kijiweni kabla ya kurudi, hakuna kinachofanyika. Asiyeweza kuacha, aipunguze iwe mara moja kwa wiki, tena waile pamoja.

Tembeeni kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, jumla dakika 150. Kushuka kituo kimoja au viwili kabla ya nyumbani kunahesabika. Laleni usiku, maana usingizi mfupi unaongeza njaa. Sigara na pombe, mke na mume, ziachwe.

Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kushinda na maji tu, au kula kidogo mno kwa wiki kadhaa, kunaweza kusimamisha hedhi kabisa, kinyume na mnachokitafuta.

Hatua ya 6: Msipoteze umri kwa ajili ya kilo

Hili ndilo ningependa kila anayeambiwa "nenda upungue kwanza ndipo urudi" alisikie. Huko Uholanzi watafiti waliwachukua wanawake 577 wenye shida ya kupata mimba na BMI ya 29 au zaidi. Nusu walipewa kwanza miezi sita ya kupungua, nusu wakaanza matibabu mara moja. Matokeo yalichapishwa 2016. Katika miaka miwili, waliojifungua kwa njia ya kawaida mtoto mmoja mwenye afya, mimba ikiwa imetimia, walikuwa asilimia 27 kwenye kundi lililotangulia kupungua na asilimia 35 kwenye kundi la matibabu ya moja kwa moja. Hata hivyo, waliopungua walishika mimba wenyewe bila msaada wa dawa kwa wingi zaidi, asilimia 26 dhidi ya 16.

Ninavyolisoma mimi: mwenye miaka 28 ambaye hedhi yake inaruka, ajipe miezi mitatu hadi sita ya kupungua, anaweza asihitaji dawa kabisa. Mwenye miaka 37 asikubali kurudishwa nyumbani na karatasi ya lishe peke yake. Apungue huku akipimwa na kutibiwa, maana mayai hayamsubiri. Ukirudishwa, uliza kwa heshima: "Daktari, tunaweza kufanya yote mawili kwa pamoja?" Usipopata jibu, tafuta daktari bingwa mwingine wa magonjwa ya wanawake.

Hatua ya 7: Matibabu yaliyopo

Kama yai halipevuki na mirija iko wazi na mbegu ni nzuri, dawa ya kwanza siku hizi kwa mwenye PCOS ni letrozoli, vidonge vya siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulionyesha asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walipata mtoto, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni, ambayo ndiyo iliyozoeleka. Mfamasia akikuuzia klomifeni bila ultrasound wala ufuatiliaji, ondoka. Metformini husaidia mwili kuitikia insulini na wakati mwingine huongezwa juu ya dawa hizo, hasa sukari ikiwa juu.

Sindano za kupunguza uzito kama Ozempic zinafanya kazi, lakini si za kutumia huku mnatafuta mimba. Semaglutaidi iliyomo iachwe angalau miezi 2 kabla. Tirzepataidi, inayouzwa kama Mounjaro, iachwe angalau mwezi 1, na ikumbukwe kwamba inaweza kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Hizi zinazouzwa WhatsApp bila boksi na bila karatasi, msiziguse.

Puto la tumboni, linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula ili ushibe haraka, linapatikana nchini, Muhimbili Mloganzila wanalifanya. Linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa, na mimba isiingie wakati lipo. Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ni wa wenye unene mkubwa sana au wenye kisukari pamoja na unene. Baada yake, ujauzito usubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, hivyo mwenye miaka 39 alipime hilo vizuri na daktari wake. Upandikizaji mimba nao unawezekana kwa mwenye uzito mkubwa, ila dawa zinahitajika nyingi zaidi na uwezekano wa kufanikiwa unashuka kiasi, na vituo vingi vina kiwango cha BMI ambacho hawavuki. Uliza kiwango hicho kabla ya kulipa chochote.

Yasiyofaa niyataje haraka. Kina kaka, sindano au jeli ya testosteroni ya gym inazima utengenezaji wa mbegu, wakati mwingine hadi sifuri, na kurudi kunaweza kuchukua miezi mingi. Dawa za "kusafisha kizazi" za kuingiza ukeni zinaunguza na kuleta maambukizi. Chai za kukata tumbo nyingi ni dawa za kuharisha, kinachopungua ni maji.

Hatua ya 8: Kabla na mara mimba inapotunga

Mke aanze asidi ya foliki angalau mwezi mmoja kabla, ikiwezekana mitatu, aendelee hadi wiki ya 12. Dozi ya kawaida ni mikrogramu 400. Kwa mwenye BMI ya 30 au zaidi, miongozo ya Uingereza iliwahi kushauri miligramu 5 kwa siku, lakini ushauri huo umebadilika, kwa hiyo muulize daktari wako dozi yako kabla ya kutegemea vidonge vya kawaida vya kliniki. Sukari na presha ziwe zimedhibitiwa, na dawa za presha zikaguliwe upya, kwa kuwa baadhi yake hazifai kwa mjamzito.

Kipimo cha mkojo kikionyesha mistari miwili, nenda kliniki mapema, kabla ya wiki 12, pamoja na mumeo. Waambie uzito wako na kama ulitumia dawa za kupevusha mayai. Omba kupimwa sukari tangu mwanzo, kisha tena kati ya wiki ya 24 na 28, hata kama ya kwanza ilikuwa sawa. Na maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kutokwa damu, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka katika wiki hizo za mwanzo, ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.